Mnaoanza ekografia ya uzazi: tafuteni kwanza kifuko cha kiini

Wadogo zangu mnaoanza staji hapa Bukavu, naona wengi mkishika sonda, kile kishikio cha mashine ya ekografia, mnakimbilia moyo wa mtoto. Anzeni na kifuko cha kiini, kile kijifuko kidogo kilichoungana na mtoto anayeanza kuumbika. Kwa sonda ya ndani, inayopitishwa ukeni, huonekana karibu na wiki ya 5 na nusu, kuhesabu toka hedhi ya mwisho: pete nyeupe, nyembamba, katikati nyeusi. Ukiiona ndani ya tumbo la uzazi, mimba imekaa mahali pake, hata kama kiinitete chenyewe, yaani mtoto wa wiki za kwanza, bado hakijaonekana.

Jina lake, linalokumbusha kiini cha yai, ndilo linalofanya kidharauliwe. Cha kuku kimejaa chakula, chetu karibu hakina kitu. Lakini kazi zake! Damu ya kwanza ya mtoto hutengenezwa ukutani mwake, tangu wiki ya 3 baada ya mimba kutungwa, mpaka ini lishike kazi hiyo. Seli zitakazokuja kuwa mayai au mbegu za kiume huonekana ukutani humo, kisha husafiri kupitia utumbo hadi pale ovari au korodani zitakapoota. Utumbo wenyewe hutokana na sehemu yake ya juu, inayokunjwa ndani ya mwili. Tena, wakati damu ya mama haijaanza kumiminika vizuri kwenye kondo la nyuma, kifuko hunyonya virutubisho katika maji yanayokizunguka.

Muwe macho na michoro ya panya vitabuni. Kifuko cha panya hukizunguka kiinitete chote. Chetu huelea pembeni, na ni cha pili: cha kwanza hunywea mapema. Jamii ya nyani, kama sokwe mnaowaona kwenye kituo cha Lwiro, iko upande wetu.

Kukipima, weka alama ukingo wa ndani kwa ukingo wa ndani. Kikizidi milimita 6, fuatilia kwa karibu, lakini hiyo si hukumu. Mama mwenye kifuko bila kiinitete asiambiwe papo hapo kwamba mtoto hayupo. Kwa kigezo cha siku, mimba yake haitangazwi kuwa imeharibika kabla ya siku 11 kupita tangu kipimo hicho bila kiinitete chenye mapigo ya moyo; kama siku ya kwanza kifuko cha mimba kilionekana bila kifuko cha kiini ndani yake, ni siku 14. Mwandikie tarehe ya kurudi, umsomee kwa sauti, na umweleze kwa nini unamrudisha, maana akitoka hapo bila maelezo atalia njia nzima hadi Kadutu.