Tambi na mishkaki za mchana Lanzhou: jibu kwa ndugu anayekwenda kusoma

Mkuu, umesema unaondoka Septemba kwenda kusoma Lanzhou, wewe ni Mwislamu, Kichina hujui hata neno, na umesikia wanafunzi wengi mchana wanakula kwenye vihoteli vidogo vya tambi na mishkaki. Unataka kujua utakitambuaje cha kuingia na utaagizaje. Nimekaa mji huo miaka minne na mchana wangu ulikuwa huko karibu kila siku ya masomo, kwa hiyo nivumilie, nitaandika kirefu.

Kwanza toa hofu. Lanzhou ni makao makuu ya jimbo la Gansu, Mto Manjano unapita katikati yake, na Waislamu wa kabila la Hui wako pale vizazi na vizazi. Zile tambi za nyama ya ng'ombe ambazo utaziona China nzima zikiuzwa kwa jina la mji huo ni chakula chao. Wenyeji wanamtaja Mhui mmoja, Ma Baozi, aliyeanza kuziuza mwaka 1915, kuwa ndiye aliyezipa sifa. Wewe tafuta herufi mbili tu juu ya mlango: 清真, zinasomwa qingzhen, maana yake halali. Zikariri kwa macho kabla hujapanda ndege. Usisubiri maandishi ya Kiarabu, maana sehemu nyingi yameshaondolewa kwenye mabango. Ndani ya qingzhen ya kweli hukuti bia, na mara nyingi kuna tangazo ukutani linaomba wateja wasiingie na pombe wala chakula cha nje. Mahali pasipo na herufi hizo, hata kama wanachoma kondoo, usiingie, kwa sababu huenda nguruwe anachomwa jiko hilohilo.

Saa ya kwenda ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Wenyeji wanakula tambi hizi tangu alfajiri, na supu ya mifupa ya ng'ombe imechemshwa usiku kucha. Ukifika saa tano na nusu unaikuta bado ina nguvu. Ikifika saa nane vihoteli vingi vya tambi vinaosha masufuria na kufunga. Nilikuwa na mwenzangu aliyeamini tambi hizi hazina ladha, miezi mitatu anasema hivyo. Kumbe yeye alikuwa anakwenda saa nane kasorobo, anapewa supu ya mwisho iliyoongezwa maji.

Kuagiza ni rahisi. Unalipa kwanza kaunta kwa simu, unapewa kikaratasi, unakipeleka kwenye dirisha la jikoni. Hapo ndipo utaulizwa swali moja tu: unene. Hata usiposikia alichosema, jua ameuliza unene. Maoxi ni nyembamba kama unywele. Xi ni nyembamba ya kawaida. Er xi imenenepa kidogo. Jiuye ni bapa kama jani, na kuan ni pana kama mkanda. Wewe anza na er xi. Siku yangu ya kwanza niliomba maoxi kwa sababu ndilo neno nililofundishwa, nikakaa, simu ikaita kutoka nyumbani, nikaongea dakika kumi. Niliporudi kwenye bakuli tambi zilikuwa zimekunywa supu yote na kushikana donge moja. Nyembamba inataka mtu aliyekaa kula, na ale hapohapo. Er xi inakuvumilia.

Usikimbilie meza ukishatoa kikaratasi. Simama umtazame mvutaji wa tambi. Anachukua donge la unga wa ngano lenye ukubwa wa kiganja, analipaka mafuta, analivuta mpaka mikono imetanuka, anakunja ncha mbili pamoja, anavuta tena. Kila mkunjo unazidisha nyuzi mara mbili: mbili, nne, nane, mpaka mkunjo wa saba ambapo zinakuwa 128, na hakuna hata moja iliyokatika. Katikati ya kuvuta anaupiga unga mezani, na mlio huo utausikia tangu barabarani. Siri ya kutokukatika iko kwenye unga wenyewe. Zamani walichoma mmea wa jangwani wakapata majivu, yanaitwa penghui, na yanafanya kazi ya magadi: unga unavutika na unapata rangi ya njano. Siku hizi badala ya majivu wengi wanatumia poda ya dukani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kuanzia donge hadi sufuria haifiki dakika moja.

Bakuli likija liangalie kabla hujashika vijiti. Wana kanuni ya mambo matano na watu wa kule wanakuwa wakali nayo: supu iwe safi unaona ndani, figili ziwe nyeupe, mafuta ya pilipili yawe mekundu, kotimiri na majani ya kitunguu saumu yawe ya kijani, tambi ziwe za njano. Supu ikiwa na ukungu kama maji ya mchele, kesho badilisha hoteli. Halafu, nakuomba sana hili, kunywa vijiko viwili vya supu kabla ya kuongeza chochote. Mezani kuna siki na pilipili, na sisi wengi tunamwaga tukishakaa tu. Mzee mmoja niliyekaa naye meza moja alinizuia mkono nikiwa nimeshainua chupa ya siki. Akanionyesha kwa ishara nionje kwanza. Ndiyo siku nilipogundua kwamba nilikuwa nimekula mwezi mzima bila kuijua supu yenyewe. Baada ya kuonja, weka siki kidogo pembeni ya bakuli, na menya punje ya kitunguu saumu kibichi uwe unaimega huku unakula. Harufu haikwepeki, lakini darasa zima litakuwa nayo.

Sasa mishkaki. Fahamu kwamba vihoteli vya tambi tupu pale Lanzhou mara nyingi havichomi nyama. Vinavyofanya yote mawili ni vile vidogo vya vichochoroni, jiko refu jembamba la mkaa liko mlangoni na tambi ziko ndani. Utavijua kwa herufi 串, na huihitaji kamusi: ni vipande viwili vya nyama vimepitishiwa kijiti. Nyama ni ya kondoo, vipande vidogo kama ncha ya kidole gumba, na katikati wanatia kipande cha mafuta. Hicho cha mafuta usikitoe. Kinayeyuka juu ya moto na kuilainisha nyama ya jirani zake. Mchomaji anageuza vijiti kwa mafungu, akishaona mafuta yanatoa povu ndipo anamwaga chumvi, pilipili ya kusaga na jira nyingi. Jira ikipakwa mapema inaungua na kuwa chungu, kwa hiyo ukimwona anawahi kuipaka, pita.

Kuna jambo lililoniuma. Mishkaki midogo watu huagiza kumi kumi, nami nilishazoea kusema kumi. Siku moja nikaingia kihoteli kimoja karibu na stesheni, nikasema kumi, wakaniletea ile mikubwa iliyochomekwa kwenye vijiti vya mti mwekundu wa jangwani. Mmoja ule unamtosha mtu. Hawakuuliza, na mimi sikuangalia ukutani. Nililipa pesa ya bakuli za tambi za wiki mbili, na nilikuwa natumia posho ya mwanafunzi. Kwa hiyo onyesha kwa kidole kijiti unachotaka na tazama bei kwanza.

Kwa mchana mimi naona vijiti vitano vidogo na bakuli moja vinatosha, tena uwahi mchomaji kabla ya kupeleka kikaratasi dirishani, kwa sababu nyama inachukua muda na tambi hazisubiri. Uliza kwanza kama mkaa umeshashika. Wapo wanaowasha jioni tu, na mchana wanakupashia nyama ya jana. Ukibaki na njaa sema jia mian, utaongezewa tambi kwa pesa kidogo au bure. Usipotaka pilipili sema bu yao la, tena useme mapema, mpakuaji ana kijiko cha pilipili tayari mkononi.

Vipindi vya asubuhi vikiisha saa sita kamili, usipitie bwenini kuweka begi. Robo saa baadaye foleni inakuwa imeshafika nje ya mlango.