Kutomjua ndo kulikonisaidia

Wiki hii mmeuliza kama mtu unaweza kumweleza mambo ya ndani ya ndoa yako mshauri wa kwenye simu ambae hujawahi hata kumuona sura. Mi nasema ndio, tena hiyo ya kutomjua ndo iliyonisaidia, ila ngoja nieleze maana najua wengi mtaandika kwamba ya chumbani hayatoki nje.

Mume wangu ni dereva wa semi, anapeleka mzigo Kongo. Anatoka bandarini hapa Dar, anapita Morogoro, Kitonga, Makambako mpaka Tunduma, akishavuka Nakonde yuko Zambia na laini ya huku ndo basi tena, afu mbele kuna Kasumbalesa ambako foleni ya mpakani inaweza ikamlaza siku kadhaa. Mi nashona nguo Mbagala. Miaka ya mwanzo nilikuwa sawa tu, mwaka juzi nikaanza katabia ka kuangalia WhatsApp alionekana mwisho saa ngapi, kwanza asubuhi na jioni, baadae kila nikimaliza kushona mkono wa gauni naangalia, usiku naamka saa nane naangalia. Tiki zikiwa za bluu na hajajibu siku hiyo chakula hakipiti. Nikiacha kuwaza mwanamke wa Tunduma nawaza gari limetumbukia kule mlimani Kitonga. Moyo mbio, vidole ganzi, kifua kinabana, siku moja nimeshika mkasi nikaona kabisa nakata roho mbele ya mteja. Nikajua presha. Hospitali wakapima presha, sukari, moyo, vyote vizima, nikapewa dawa ya usingizi nikarudi. Jirani akasema ni jini mahaba, linamuonea wivu mume wangu.

Sasa ningemwambia nani? Mama yangu angemchukia mkwe wake mpaka kiama hata sisi tukishapatana. Somo yangu aliyenifunda jibu lake nalijua, vumilia mwanangu, na udi. Mashoga wa kikoba nikiwaambia Jumamosi, Jumatatu wanakuja kupimwa kiuno huku wananiangalia kwa huruma. Dada yangu yeye alifika mpaka baraza la usuluhishi, si unajua sheria ya ndoa ya 1971 inataka upite barazani kabla mahakama haijavunja ndoa, na mpaka leo anasema kilichomuuma zaidi sio mume, ni kuulizwa maswali yale na watu anaokutana nao sokoni kwenye mafungu ya dagaa.

Nikaingia mtandaoni. Wa kwanza nilimuokota kwenye tangazo, anajiita mshauri wa mahusiano, nimeandika mistari miwili tu akanijibu nitumie picha ya mumeo, jina la mama yake na elfu hamsini ya kuanzia. Jina la mama yake! Nikajua huyu ni mganga kavaa tai, nikamblock.

Wa pili nilielekezwa na nesi mmoja mteja wangu. Huyu kabla ya yote alinieleza kasomea nini, maneno yangu nani atayaona na nani hatayaona, na bei, ambayo ilikuwa kama fedha ya kushonea gauni moja kwa kila tukikaa. Video inakula bando kwa hiyo tuliandikiana, mara chache tunapigiana. Na nawaambia kuandika kuna raha yake, sentensi ya "naogopa ataniacha" niliiandika nikafuta kama mara nne ndo nikaituma, uso kwa uso ningeimeza. Akanipa maswali 7 ya wiki 2 zilizopita, kila swali unajipa kuanzia 0 mpaka 3, yaani ukijaza yote inafika 21. Nikapata 16. Akasema kuanzia 15 huo ni wasiwasi mkali, una jina na una matibabu, sio uchawi na sio kwamba humpendi mume wako vizuri.

Kilichonishangaza hakunishauri niachane nae wala nivumilie. Alisema kule kuangalia simu ni kama kukuna upele, unapata nafuu dakika mbili afu unawasha zaidi. Kazi yangu ikawa hamu ikija nisubiri dakika 10, niandike nimewaza nini, na baadae niandike ukweli ulikuwa nini. Niliandika nyuma ya daftari la vipimo, katikati ya viuno na mabega ya watu. Mwisho wa mwezi tukahesabu, mara 23 niliandika "kuna kitu", karibu zote ilikuwa mtandao au foleni au kalala. Mara moja kweli alikuwa kaninunia.

Na hapo kwenye kununa ndo tukamuita na yeye, siku moja kapaki Tunduma anasubiri karatasi. Mwanzo anajibu "sawa" "sawa" mpaka nikatamani kuzima. Mshauri akamuuliza ukikuta simu 14 hazijapokelewa unahisi nini. Akakaa kimya, afu akatuma voice, anasema kila akiziona anajua mtoto kafa, anatafuta pa kuegesha semi na mzigo wake, anapiga, kumbe nilikuwa nauliza tu uko wapi. Ndo maana akaanza kuzima simu. Mi nilikuwa najua anazima kwa sababu ya mwanamke! Yaani kadri namkimbiza ndo anajificha, akijificha ndo namkimbiza, mwaka mzima. Tukakubaliana kila akisimama anaandika jina la mahali basi, mi sipigi mpaka kituo kinachofuata.

Shida zipo. Nyumba ya vyumba viwili siri utaongelea wapi, mi nilikuwa nashusha geti la duka nawasha feni ili sauti isitoke. Siku moja mwanangu kachukua simu acheze gemu, ujumbe ukaingia juu ya kioo "wasiwasi wa wiki hii ukoje?", akaniuliza mama wasiwasi ni nani. Na kama mume anakupiga au anakagua simu yako hii njia usiianzie, akikuta yale maandishi yatakuletea makubwa, nenda na miguu yako dawati la jinsia polisi.

Maswali yale 7 nimeyarudia mwezi uliopita, 8. Usiku bado naamka siku zingine, sidanganyi. Leo asubuhi kaandika "Makambako" na mi nilikuwa nakata kitambaa cha sare, nimekuja kuiona saa nne.

Jina langu msilitoe tafadhali, mama mkwe anasoma jarida lenu na huwa ananunua kabla yangu.