Magazeti mawili, idadi mbili za waliokufa: uamini lipi?

Umeuliza uamini lipi kati ya magazeti mawili ya zamani, linalosema ajali ya treni iliua watu 7 au linalosema 11. Bado usiamini lolote. Habari za siku ya kwanza zilifika kwa telegrafu, yaani ujumbe wa nyaya uliolipiwa kwa kila neno, zikiwa fupi na zimejaa uvumi. Aprili 1912 yapo magazeti yaliyotangaza kuwa abiria wote wa meli ya Titanic iliyozama wameokolewa, kumbe watu takriban 1,500 walikuwa wamekufa.

Pekua matoleo ya wiki kadhaa zilizofuata utafute habari za uchunguzi wa vifo. Hapo mashahidi wameapa, na mara nyingi majeruhi waliofariki baadaye wameshaongezwa. Magazeti matano yenye sentensi zilezile ni shahidi mmoja tu. Yalinakiliana bila haya.

Tarehe nayo ina mtego. Katika gazeti la Kiingereza la Januari, “28th ult.” ni Desemba 28, maana “ult.” ni mwezi uliopita.

Jina la marehemu lisipopatikana katika magazeti yaliyowekwa mtandaoni, tafuta kwa jina la stesheni. Kompyuta husoma vibaya wino uliofifia, na “h” hugeuka “b” kirahisi. Kisha fungua picha ya ukurasa wenyewe.