Orodha ya Langoni: Barua kwa Mwanangu

Malindi, Jumapili baada ya alasiri

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleykum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo. Kusi limeanza kuvuma, babako amepandisha ngalawa juu, na mti wa ndimu uliouacha mdogo sasa unatupa kivuli hadi mlangoni.

Ujumbe wako wa sauti wa usiku wa Ijumaa nimeusikiliza mara tatu. Umeniuliza mambo mawili kwa mkupuo mmoja: kwa nini sikushtaki nilipopoteza kazi ya hoteli nikiwa na mimba yako, na je, ukiiacha hiyo ofisi kubwa ya mawakili Nairobi, urudi Malindi ushike kesi za wafanyakazi wanaobaguliwa, nitaona karo yote tuliyoihangaikia imemwagika baharini? La pili ningekujibu kwa simu. La kwanza si la simu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Wewe na nduguzo mmekua mkisikia kwamba hoteli ilinifukuza. Sikufukuzwa. Laiti ningefukuzwa, ningekuwa na barua mkononi. Unaijua desturi ya hoteli za ufuoni. Masika yakikaribia wageni huondoka, mwezi wa nne milango hufungwa, na wafanyakazi huambiwa nendeni nyumbani, mtaitwa. Sizoni ikirudi mwezi wa saba, orodha hubandikwa langoni. Nilikuwa nimetandika vitanda pale miaka minne, na kila mwaka jina langu lilikuwamo. Mwaka 1996 nilikwenda langoni na tumbo la miezi saba. Nikaisoma orodha kwa macho, kisha nikaisoma tena kwa kidole, jina kwa jina. Tulikuwa wanawake watatu wenye mimba mwaka ule. Hakuandikwa hata mmoja. Hatukuambiwa neno baya, hatukupewa karatasi. Hatukuitwa tu.

Sababu kila mtu aliijua. Sheria ya Ajira ya wakati ule ilimpa mwanamke miezi miwili ya uzazi kwa mshahara kamili, ingawa akiichukua alipoteza likizo yake ya mwaka. Asiyekuwamo kwenye orodha hana mshahara wa kudai. Na katiba ile ya zamani, kifungu cha 82, kilikataza ubaguzi wa kabila, wa rangi, wa imani, lakini jinsia hakikuitaja. Neno hilo liliingizwa mwaka 1997. Wewe ndiye uliyenieleza, ulipokuwa mwaka wa pili chuoni, umejilaza kwenye mkeka na kitabu kifuani. Ulisema, "Mama, mwaka mmoja tu." Nilikwenda jikoni nikajifanya naangalia chungu.

Lakini nikikuambia kwamba sheria ndiyo iliyonizuia, nitakuwa nakudanganya. Sheria sikuijua hata nikajua upungufu wake. Kilichonizuia ni mwandiko.

Orodha ile iliandikwa kwa mkono, na mkono ule niliujua. Ulikuwa wa ami yako.

Yeye ndiye aliyekuwa supavaiza wa vyumba. Yeye ndiye aliyeniingiza kazini nilipoolewa, akanifundisha kukunja shuka pembe nne bila mkunjo, akanionya nisipokee zawadi ya mgeni bila shahidi. Meneja alimwambia apunguze wenye matumbo, naye akapunguza. Alikuwa na watoto wanne, na kazi yake yenyewe ilikuwa ya sizoni kama yangu. Usiku ule alikuja na mfuko wa unga na sukari kilo mbili, akaviweka barazani, akakaa kidogo, akaenda zake. Hakusema kitu. Mimi nami sikusema kitu, nikaupika ule unga. Na ile karo ya kidato cha kwanza ambayo hakukubali kamwe kurudishiwa, nadhani sasa unaielewa.

Miaka yote hiyo babako sikumwambia. Jana, kabla ya kukuandikia, nilimwambia. Alikaa kimya hadi maghribi. Alipotoka kuswali akasema, "Mwandikie mtoto, na ndugu yangu Mungu amrehemu."

Basi mwanangu, ningemshtaki nani? Najua utakavyojibu: mwajiri, Mama, anayeshtakiwa ni mwajiri. Ni kweli. Lakini mwajiri hasimami kizimbani na kuapa. Angesimama ami yako, ndugu wa mume wangu, aulizwe mbele ya watu ni nani aliyekata majina, na mimi nikae upande wa pili nikimtazama. Hapo ndipo kazi unayoitaka inapotofautiana na uifanyayo huko. Nairobi unapambana na kampuni. Hapa karatasi zako zitasema hoteli, lakini atakayekuja kukanusha atakuwa mtu aliyekula pilau ya arusi yako, na mkewe yumo katika chama chetu cha kuzungushiana pesa.

Sikuandikii haya ili uogope. Nakuandikia kwa sababu nimeona kwa macho yangu wakili aliyeliweza jambo hili, na nataka ujue alilifanyaje.

Wakati huo ulikuwa ungali unasoma. Jirani yetu mmoja alikuwa mpishi msaidizi kwenye nyumba ya wageni upande wa Casuarina. Uongozi mpya ulipoingia, akaambiwa avue mtandio, ati avae kofia peke yake. Akaomba avae kofia juu ya mtandio. Wakakataa. Hawakumfukuza. Siku zake za kazi zikapungua kutoka sita kwa wiki hadi nne, kisha mbili, kisha simu ikaacha kulia. Nilipomsikia akisimulia kisimani, mwili ulinisisimka. Nikamwambia: shoga, na mimi hawakuniita.

Safari hii sheria ilikuwa na meno. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 27, inataja ujauzito, inataja dini, inataja hata mavazi, kwa jina lake. Niliposomewa orodha ile kwa mara ya kwanza, niliona kama kuna mtu aliyewahi kusimama langoni pale nami. Na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inasema jambo ambalo jirani yangu hakuliamini hadi alipoelezwa mara mbili: mfanyakazi akilalamika kwamba amebaguliwa, mwajiri ndiye atakayethibitisha kwamba hakubagua. Ushahidi unamwelemea yeye.

Wakili alikuwa mwanamke, alitoka Mombasa kwa matatu. Hakuanza na sheria. Alivua viatu, akaketi mkekani, akanywa chai, akasema, "Nionyeshe simu yako." Jirani hakuwa na mkataba wala karatasi ya mshahara. Lakini mshahara ulikuwa ukitumwa kwa M-Pesa kila Jumamosi, na jumbe zote alikuwa nazo, miaka miwili ya Jumamosi. Nyumba ya wageni ilipojibu kwamba huyu ni kibarua tu, hatumjui, wakili alizitandaza. Kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zikatimia mwezi, sheria inamtazama kama mfanyakazi wa mwezi. Zile jumbe ilibidi pia ziandamane na hati ya kuthibitisha zimetolewa kwenye simu gani na kwa njia gani. Jirani aliona ni usumbufu, wakili akamwambia kesi nyingi nzuri hujikwaa hapo.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu ndilo lililonifanya nikuandikie kirefu hivi. Msimamizi wa jikoni aliyepunguza zile siku alikuwa kijana wa mtaa wa pili, mamake tunazikana naye. Katika barua ya madai, wakili hakulitaja jina lake. Aliiandika nyumba ya wageni, akaandika matendo na tarehe, basi. Jirani alikasirika. Alitaka jina la yule kijana liandikwe kwa herufi kubwa. Wakili akamwambia, "Huyu ndiye shahidi wetu, ila bado hajajua."

Na kweli. Usiku mmoja baada ya isha kijana alipita barazani kwangu, siyo kwa jirani, akanisalimu, "Shikamoo, mama," akasimama bila kuketi. Akasema daftari la zamu lipo, halijachomwa, liko kabatini ofisini. Akaenda zake. Wakili hakumtuma akalichukue. Aliomba mahakama iamuru lililetwe. Kurasa zilionyesha tarehe ya ule mzozo wa mtandio, na wiki iliyofuata siku zikaanza kupungua. Kabla kesi haijasikizwa, upande wa pili wakaomba wapatane.

Pesa haikuwa nyingi. Ilimaliza deni la duka na kodi ya nyumba. Lakini jirani alikuwa amedai kitu kingine tangu siku ya kwanza, nasi tulimwona mjinga: alitaka cheti cha utumishi, karatasi inayosema alifanya kazi pale kutoka mwaka gani hadi mwaka gani. Alipoipata aliitia kwenye nailoni kama cheti cha kuzaliwa. Ndiyo iliyompatia kazi aliyonayo leo. Mteja akikuambia anachokitaka, msikilize, hata kama kwako hakina uzito.

Nami nilikuwa tayari kutoa ushahidi, niliwahi kufanya kazi pale kwa muda. Sikuhitajika. Nilihuzunika kidogo, nakwambia ukweli. Nilikuwa nimeshapiga pasi buibui.

Unakumbuka ulivyonisimulia habari za Thurgood Marshall, yule wakili mweusi wa Marekani? Wewe ulipenda ile ya mwaka 1960, kwamba aliketi London na wajumbe wetu kwenye mkutano wa Lancaster House, ule wa kuijadili katiba ya Kenya kabla ya uhuru, akiwaandikia rasimu ya sheria ya haki. Mimi nilichoshika ni kwamba mamake alikuwa mwalimu, na kwamba miaka mingi kabla ya hapo mwanawe alizunguka mahakamani kudai walimu weusi walipwe sawa na weupe. Ukanieleza habari ya Aline Black, mwalimu wa Norfolk, Virginia, aliyeshtaki mwaka 1939 na mkataba wake usiongezwe. Kesi ikalala. Akaja mwalimu mwingine, Melvin Alston, akaichukua upya, na mwaka 1940 mahakama ya rufaa ikampa haki. Nilikuuliza, huyo mama walimfukuza? Ukasema hapana, hawakumwita tena. Hukuelewa kwa nini nilicheka vile, na hakikuwa kicheko.

Marshall na wenzake hawakumlaumu Aline Black kwa kupoteza kazi, wala hawakungoja mteja asiyeogopa. Walitafuta wa pili. Ukirudi huku utapata akina mama watakaokuambia kila kitu leo na kesho wakukane barabarani. Usiwachukie. Sheria inawapa miaka mitatu ya kufungua kesi. Mwambie kila mmoja tarehe yake ya mwisho, mwandikie kwenye karatasi, umwache aende. Wengine watarudi.

Kuhusu pesa nitasema kidogo, kwa kuwa unaijua hesabu kuliko mimi. Wakili yule alinieleza kwamba sheria yenu haiwaruhusu kuandikiana na mteja kwamba mtalipwa mkishinda tu. Na aliyeachishwa kazi isivyo haki, fidia yake haizidi mishahara ya miezi 12, ambayo kwa mtandika vitanda si kitu cha kugawana. Yeye alijikimu kwa mirathi na mauziano ya viwanja, na hizi kesi alizifanya katikati. Nawe fanya hivyo, Malindi viwanja havikosi ugomvi. Au anzia Mombasa mwaka mmoja na Kituo cha Sheria, wale wa msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo, ambao wako kwenye kazi hii tangu 1973, uone wanavyomudu. Usije na akiba ya miezi miwili na moyo mkubwa. Nimewaona waliokuja hivyo.

Karo haikumwagika. Nilikusomesha ili usisimame langoni ukisoma orodha ya mtu mwingine. Kama unataka kwenda langoni kwa hiari yako kuuliza iliandikwaje, nitakubebea mkoba.

Ila usirudi kwa ajili ya kesi yangu. Kesi yangu imekufa, na mwenye mwandiko amezikwa. Nilimwosha mamake mimi, na yeye alinibebea jeneza la babangu. Jiulize jambo moja kabla hujaandika barua ya kuacha kazi: je, ningekuwa mteja wako, na ami yako yuko kizimbani, ungemwuliza vipi? Usinijibu haraka.

Chumba cha mbele alichokuwa akilala bibi yako kiko wazi. Kina mlango wa barabarani, kinaenea meza na viti vitatu, na asubuhi kinapata upepo. Babako amesema atalitia dirisha wavu. Lakini ukija, siku ya kwanza, kabla ya kutafuta fundi wa kibao, nenda kwa mkewe ami yako ukamwamkie. Mpelekee kanga na sukari kilo mbili. Yale ya mwaka 1996 anayajua yote, alikuwa akiwasha taa mumewe alipokuwa akiandika.

Nisalimie wenzako wa nyumba.

Ni mimi mamako