Picha za ndege kutoka na ukungu: anzia kwenye kasi ya shata
Umesema unatumia lenzi ya milimita 300 kwa 1/250 ya sekunde, na ndege wa bustanini wanatoka na ukungu. Tatizo ni hiyo kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inaruhusu mwanga kuingia. Ndege aliyetua hutikisa kichwa kila mara, kwa hiyo anza na 1/1000. Akiruka, panda hadi 1/2000 au zaidi. Fungua tundu la lenzi mpaka mwisho, kisha iache ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) ipande hata 1600 au 3200. Chengachenga zinazoletwa na ISO kubwa zinapunguzika baadaye kwenye kompyuta. Picha iliyotikisika haiponi.

Fokasi iwe ya kufuatilia mfululizo, kwa nukta moja, na nukta hiyo ikae juu ya jicho. Ukiiachia kamera ichague yenyewe, mara nyingi itashika kijiti kilicho mbele ya ndege. Jicho likionekana wazi, hata mkia ukififia picha inasimama.

Nenda mapema asubuhi, jua likiwa mgongoni mwako, na uchuchumae hadi usawa wa ndege. Usimfuate: kaa karibu na maji, tulia dakika 20, atakuja mwenyewe. Akiacha kula na kunyoosha shingo akikutazama, umemkaribia mno. Rudi nyuma taratibu. Kiota usikisogelee kabisa, tafadhali. Mzazi akiogopa kurudi, mayai hupoa.