Maswali ya Wasomaji: Setilaiti inajuaje ardhi imeteleza huko chini?

SWALI: Mhariri shikamoo. Niliona picha ya tetemeko la Uturuki la 2023 ina pete za rangi kama upinde wa mvua, wakasema imetoka kwenye setilaiti. Sasa kitu kiko mbali vile kinaonaje ardhi iliyosogea sentimita chache?

JIBU: Marahaba. Kwanza jua kwamba zile rangi sio picha ya ardhi, ni picha ya tofauti. Setilaiti kama Sentinel-1 iko kilomita 693 hivi juu, inatuma mawimbi ya rada yenye urefu wa kama sentimita 5.5, yanagonga ardhi yanarudi, na yakirudi inasoma wimbi liko hatua gani, yaani liko kileleni, liko chini au ndo linapanda. Siku 12 baadaye inapita palepale inasoma tena. Kama ardhi imetulia, wimbi linarudi kwenye hatua ileile, lakini kama ardhi imesogea sentimita 1 kuifuata setilaiti basi safari ya wimbi imepungua sentimita 2, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Tofauti hiyo ya hatua ndo inapakwa rangi, na pete moja nzima ni wimbi moja zima la tofauti kwenda na kurudi, ndo maana pete moja nzima ya rangi ni kama sentimita 2.8 na sio 5.5. Kwa hiyo chukua picha ile, anza pembeni kabisa ambako hakujasogea kitu, hesabu pete kwa kidole ukielekea kwenye mpasuko, yaani ule ufa mkubwa ardhini ambako pande mbili zimeteleza. Ukifika pete ya 10 ujue hapo ardhi imeisogelea setilaiti au imeikimbia kwa sentimita 28.

Watu walianza kuziona pete hizi kwa tetemeko la Landers, California, la tarehe 28 Juni 1992, setilaiti ikiwa ni ERS-1, na picha ilipotoka 1993 wataalamu wa matetemeko walishangaa kweli, maana kabla ya hapo ulikuwa unategemea vipimo vya sehemu mojamoja na kutembea kwa miguu kufuata nyufa.

Ukisogea karibu kabisa na mpasuko pete zinabanana mpaka zinageuka chengachenga. Pale ardhi imeenda mita nyingi au imevurugika na rangi hazihesabiki tena, inabidi walinganishe picha mbili za rada kipande kwa kipande waone kila kipande kimehamia wapi. Uturuki ilibidi wafanye hivyo, mpasuko wenyewe ulikuwa zaidi ya kilomita 300. Na kingine, setilaiti inatazama kwa ubavu na inapita karibu kaskazini-kusini, kwa hiyo ardhi ikisogea kaskazini au kusini pete karibu hazioni kitu.

SWALI: Nakubali inaona juu ya ardhi. Lakini mpasuko uko kilomita 10 chini huko, hizo ramani za "hapa umeteleza mita 3, pale mita 1" wanazitoa wapi? Si wanakisia tu?

JIBU: Swali zuri sana hili, na wengi wanaoziamini hizo ramani hawajawahi kujiuliza. Fikiria mtu kalala amejifunika shuka, akikunja goti shuka linanyanyuka, wewe humuoni lakini unajua goti liko wapi. Goti likiwa karibu na shuka linachomoza kwa ukali, ukimfunika mablanketi matano unaona kilima kipana tu. Ardhi nayo ni hivyohivyo, mtelezo wa karibu unaacha alama nyembamba na kali, wa chini sana unaacha alama pana na laini. Mwaka 1985 Yoshimitsu Okada wa Japani alitoa fomula zinazosema kipande cha mpasuko chenye mlalo fulani na kina fulani kikiteleza kiasi fulani ardhi juu itasogea hivi, basi wanaukata mpasuko vipande vipande kwenye kompyuta halafu wanarudi kinyumenyume, kila kipande kiteleze kiasi gani ili pete zitokee kama zilivyoonekana.

Shida ni kwamba majibu yanayofaa ni mengi. Ndo maana wanaweka sharti kwamba vipande jirani visitofautiane sana, na hilo sharti ni uamuzi wa mtu, halikutoka ardhini. Mie nikiona ramani ya mtelezo naangalia sehemu ya chini kwa tahadhari kubwa, huko kilomita 15 rangi laini mara nyingi ni sharti linaongea, sio ardhi.

Ila kukisia tu sio. Chukua Bam, Iran, tetemeko la 6.6 la tarehe 26 Desemba 2003 lililoua watu zaidi ya 26,000. Kulikuwa na mpasuko unaojulikana unaonekana kwa macho, kila mtu angeunyooshea huo kidole. Pete za rada zikaonyesha mtelezo mkubwa ulikuwa kilomita kadhaa magharibi, kwenye mpasuko ambao haukuwa kwenye ramani yoyote, unapita chini ya upande wa kusini wa mji. Juu ya ardhi nyufa zilikuwa za sentimita tu, kumbe kilomita 4 au 5 chini imeteleza zaidi ya mita 2. Na kwenye picha hiyo mji wenyewe ni chengachenga, hauna rangi, kwa sababu nyumba zilizorudisha wimbi mara ya kwanza zilikuwa zimeanguka. Hiyo picha inaniumiza kila nikiiona.

SWALI: Mpasuko ukishateleza ndo umemaliza?

JIBU: Hapana. Sehemu nyingine zinaendelea kuteleza polepole miezi na miaka, bila kutikisa kitu, na setilaiti ikipita siku kadhaa baada ya tetemeko inapima vyote viwili kwa pamoja, kwa hiyo kujua sekunde zile zenyewe ilikuwaje lazima uchanganye na seismomita, yaani vifaa vya kupima mtikisiko wa ardhi. Halafu sehemu moja ikiteleza na kutua mzigo wake, mzigo huo unaongezeka kwa jirani. Uturuki tetemeko la 7.8 lilikuja saa 10 na dakika 17 alfajiri ya tarehe 6 Februari, na saa 7 na dakika 24 mchana wa siku hiyohiyo likaja la 7.5 kwenye mpasuko mwingine wa jirani, waokoaji wakiwa bado wako kwenye vifusi. Landers nayo ilifuatiwa na tetemeko la Hector Mine jirani yake, la 7.1, ila huko ilichukua miaka 7.