Je, yajuzu kuwaomba wageni wambane mtawala Muislamu amwachie mfungwa?

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Nilifanya kazi ya ulinzi Bahrain miaka sita, sasa nimerudi Mombasa. Mdogo wangu bado yuko Muharraq. Nimeletewa barua nitie saini, inayoiomba serikali ya Denmark na Umoja wa Mataifa wambane mfalme wa Bahrain amfungulie Abdulhadi al-Khawaja, mtetezi wa haki za binadamu aliyefungwa tangu mwaka 2011. Imamu wetu amenikataza. Anasema mtawala Muislamu hunasihiwa kwa siri, kumshitaki kwa makafiri ni kuwapa silaha, na isitoshe mfungwa mwenyewe ni Shia. Nifuate lipi?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh.

Imamu wako hakusema kwa matamanio yake, ana hadithi anayoitegemea. Imam Ahmad ameipokea kutoka kwa Iyadh bin Ghanm, sahaba aliyekuwa kamanda wa jeshi: anayetaka kumnasihi mwenye mamlaka asimnasihi hadharani, bali amshike mkono wakae faragha, akikubali ndiyo heri, asipokubali, huyu amekwisha timiza wajibu wake. Wanazuoni wamevutana kuhusu sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, lakini tuichukue kama ilivyo. Kinachonisikitisha ni kwamba husomwa mimbarani bila kisa chake. Iyadh alikuwa amemchapa mijeledi mkuu wa mji wa Dara ulipofunguliwa. Sahaba mwenzake, Hisham bin Hakim, akamkemea kwa maneno mazito mpaka Iyadh akakasirika. Siku chache baadaye Hisham akamwendea kumtaka radhi, na papo hapo akamkumbusha kauli ya Mtume (s.a.w.) kwamba watakaoadhibiwa vikali zaidi ni wale waliowaadhibu watu vikali duniani. Ndipo Iyadh akamjibu kwa hadithi hiyo ya faragha. Basi Hisham alitaka radhi kwa ukali wa ulimi wake. Kumtetea aliyechapwa hakukuacha.

Tena huyu Hisham ana kisa kingine, nacho kimo katika Sahih Muslim. Alipita Sham akakuta wakulima wa Kinabati wamesimamishwa juani kwa sababu ya kodi. Akasema: nashuhudia nimemsikia Mtume wa Mwenyezi Mungu akisema kwamba Allah huwaadhibu wale wanaowaadhibu watu duniani. Akaingia kwa Umayr bin Sa'd, amiri wa Palestina, akamweleza, na amiri akaamuru waachiwe. Watu wale walikuwa wakidaiwa jizya, kodi ya wasio Waislamu; hawakuwa Waislamu kabisa. Kama sahaba hakuuliza dini yao kwanza, sisi twapata wapi ruhusa ya kuuliza madhehebu ya mfungwa? Allah amesema katika Suratul Maida, aya ya 8, kwamba chuki ya watu isitupeleke kutofanya uadilifu. Neno la Ushia ulitoe kabisa katika mizani yako, mwanangu.

Turudi kwenye siri. Umayr alikuwa na mlango na mtu aliweza kuuingia. Al-Khawaja alikamatwa Aprili 2011, akapigwa mpaka taya likavunjika, na Juni mwaka huohuo mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifungo cha maisha. Mfalme mwenyewe, dunia ikimtazama, aliunda tume chini ya mwanasheria Cherif Bassiouni, na Novemba 2011 matokeo yake yalisomwa mbele ya mfalme: waliokamatwa waliteswa. Mwaka 2012 al-Khawaja aligoma kula kwa siku 110. Aprili 2024 ukatoka msamaha kwa wafungwa zaidi ya 1,500, jina lake halikuwamo. Hapo pana siri gani ya kufichua? Aibu ya jambo hili ilianzia kwenye kipigo, haikuanzia kwenye barua.

Na kuomba msaada kwa asiyekuwa Muislamu ili kuondoa dhuluma, Mtume wetu amelifanya. Aliporudi Taif akiwa amepigwa mawe, aliingia Makka chini ya hifadhi ya Mut'im bin Adi, mshirikina. Hakuusahau wema ule: baada ya vita vya Badr alisema lau Mut'im angekuwa hai akamsemesha juu ya mateka wa vita hivyo, angewaachia kwa ajili yake. Imo katika Bukhari. Kabla ya hapo aliwatuma wafuasi wake Habasha kwa Najashi, mfalme wa huko aliyekuwa bado Mkristo, kwa kuwa kwake hakudhulumiwa mtu. Denmark nayo ilimpokea al-Khawaja akiwa mkimbizi ikampa uraia, basi ina haki ya kumsemea raia wake.

Hofu ya imamu kuhusu silaha siipuuzi. Kikosi cha Tano cha wanamaji wa Marekani kina makao yake Manama, na Uingereza ina kambi yake huko. Wakubwa hawa husema wanapotaka na hunyamaza wanapotaka. Hata hivyo unafiki wao haumwondolei mfungwa haki yake. Unachotakiwa ni kuisoma barua neno kwa neno. Ikiomba majeshi au vikwazo vitakavyowakosesha maskini chakula, au ikisema jambo usilolijua, usitie saini. Ikiomba afunguliwe na atibiwe, yajuzu kuitia saini, nami naona ina thawabu kwa nia njema.

Limebaki la mdogo wako, na hili ndilo linalonitia wasiwasi. Kibali chake cha kazi kiko mikononi mwa watu wale. Kusaini si faradhi juu yako, na huna ruhusa ya kumtia nduguyo hatarini bila ridhaa yake. Usimwandikie jambo hili kwenye simu. Ngoja aje likizo, mkae mzungumze. Akiogopa, liache jina lako, na umtaje mfungwa huyu katika sijda zako.

Wallahu a'lam.